Mikisa ya Mpima Ardhi

Katika bendi yetu mimi ndiye niliyekuwa masikio. Hakuna aliyenipa cheo hicho, lakini waya ukikatika nilikuwa naitwa mimi, na gitaa likianza kunguruma kama nzi ndani ya kopo nilikuwa naitwa mimi. Nilipiga gitaa la pili, lile ambalo wasikilizaji huligundua siku likikosekana, na hata siku hiyo si wote. Kwa hiyo nilichokuwa nacho hasa ni masikio.

Nilikuwa nimeyapata kwa kuzurura. Shule niliiacha kidato cha pili. Haikunishinda, ila barabara ilipita mbele ya dirisha la darasa na mimi nilikaa dirishani. Nimekuwa utingo wa malori ya makaa ya mawe kule Ngaka. Nimechuma kahawa Mbuji. Litumbandyosi nilikaa kwa mtu aliyetengeneza redio, nikamtazama siku nyingi mpaka akachoka kutazamwa, akanipa bisibisi. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kitu kinavyofanya kazi, kisha nikaondoka. Kwenye bendi tu ndiko nilikofika mwaka wa tatu, kwa sababu sauti sikuwa nimeielewa. Ukiifuata inahama.

Tulikuwa watano. Mwimbaji alikuwa dada mwenye saluni hapa Mbinga mjini, na mazoezi tulifanya uani kwake Alhamisi alasiri, siku ambayo wateja ni wachache. Solo alipiga mzee mmoja aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, tuliyemwita Mwalimu hata alipokosea. Besi na dramu walikuwa ndugu wawili mafundi pikipiki. Mmoja akisema jambo, mwingine hulirudia, basi, limepita.

Vyombo vya kupigia tulikuwa navyo. Tulichokosa ni muziki. Huku kwetu ukisema fulani ana muziki, husemi kwamba anaimba. Unasema ana spika. Mwenye muziki wa mji mzima alikuwa mfanyabiashara mmoja mwenye duka la vitambaa, ambaye pia alikodisha mahema na viti. Akitupa spika zake tulipiga. Akizipeleka kwenye harusi ya mtu mwingine tulikaa nyumbani na magitaa yetu. Kwa misimu miwili ya kahawa tuliweka akiba ili tununue muziki wetu, na ilikuwa inajulikana kwamba siku hiyo ikifika mimi ndiye nitakayechagua, na mimi ndiye nitakayekaa mezani kuuongoza. Niliingoja meza ile kuliko wengine wanavyongoja kupanda jukwaani.

Ndipo akaja mpima ardhi.

Halmashauri ilikuwa imehamishiwa mtumishi kutoka Singida, mtu mrefu, mtulivu, viatu safi hata wakati wa mvua. Alikuwa anapita barabarani na kamba yake ya kupimia, akatusikia, akasimama kwenye geti la saluni mpaka wimbo ukaisha.

"Samahani ndugu zangu," akasema. "Mnapiga vizuri sana. Ila maneno hayasikiki."

Hilo nilikuwa nalijua mwaka mzima. Sikulisema kwa sababu sikujua dawa yake.

"Hata mimi nimeshawaambia," mwimbaji akasema.

"Ulimwambia nani?" nikauliza.

"Niliwaambia na kuta zikanisikia, nyie mkawa mnafunga nyuzi."

Kumbe yule bwana alipiga kinanda, alijifunza kwenye kwaya ya Walutheri kwao. Alhamisi iliyofuata alileta kinanda chake ndani ya mfuko uliotengenezwa kwa ajili ya kinanda, mfuko wenye zipu inayofanya kazi. Tukawa sita. Haukupita mwezi dada akawa anampa chai kwenye kikombe chenye mfuniko. Sisi wengine tulikunywa kwenye vile vya bati ambavyo ukichelewa kidogo nzi anatangulia.

Kama angekuwa na majivuno ningemchukia waziwazi na kupumzika. Lakini aliniita fundi, tena kwa heshima. Akitaka kugusa waya wowote aliniomba ruhusa. Na kila alilolijua alinieleza akiniangalia usoni, polepole: kwa nini maiki hupiga mluzi ikielekezwa kwenye spika, kwa nini sauti nene hukimbilia kwenye kona za ukuta. Usiku nililala na maneno yake kichwani nikiyageuza. Nilimwonea wivu hata kwa kile alichonipa, maana kila nilichojifunza kilikuwa na alama za vidole vyake.

Akiba ilipotimia, tulikuwa na mawazo mawili.

Langu lilikuwa Songea, kwenye baa moja iliyokuwa inafungwa. Mwenyewe alikuwa anauza muziki wake: mabusta mawili, yaani makasha ya spika ya mbao, marefu kama dada alivyo mrefu, na amplifaya moja ambayo kuinyanyua ni kazi ya watu wawili. Nilikuwa nimeshakwenda peke yangu kuyaona. Nilibandika kiganja kwenye mbao wakati wimbo unapigwa, na damu yangu ikaanza kufuata ngoma. Nilirudi Mbinga nikiwa nimeshachagua.

La mpima ardhi lilikuwa dukani, Songea hiyohiyo: spika mbili za plastiki ngumu zinazosimama juu ya miguu ya chuma, kila moja na amplifaya yake humo ndani, pamoja na mikisa. Mikisa ndiyo ile meza ndogo ya vitufe ambako sauti zote huingia na mtu mmoja huzipima. Ile ilikuwa ndogo ya kukaa mapajani.

Tulikwenda wote siku moja kusikiliza. Pale baa, mwenye mali aliweka wimbo, madirisha yakatetemeka, na wale ndugu wawili wakatazamana wakicheka kama watu waliotekenywa. Nilijua nimeshinda. Ndipo mpima ardhi akaomba wimbo uzimwe.

"Dada, shika maiki, tupe mgongo. Taja vitu vya sokoni, vyovyote. Mwalimu, wewe nenda kule mwisho wa uwanja, uandike unachosikia."

Mwalimu akavaa miwani, akaenda. Dada akataja. Mwalimu akarudi na karatasi kama mtu anayerudisha mitihani.

"Soma," dada akasema.

"Basi. Maharage. Makumbi. Baba fuata. Mapadri."

"Mapadri wanauzwa soko gani, Mwalimu?"

"Mimi nimeandika nilichosikia."

Alikuwa ametaja mbasa, yule samaki wa ziwani, maharage, magimbi, mafuta, mabati. Kule dukani tukafanya vilevile, Mwalimu akasimama ng'ambo ya barabara, bodaboda zikipita katikati. Alirudi na vitu vitano na vyote vitano vilikuwa sahihi.

"Lakini kule kifua kilitikisika," akasema wa besi.

"Kilitikisika," akasema wa dramu.

Nikaruka na kushika hapohapo. Nikawaambia watu wa kwetu huangalia kabla ya kusikiliza. Ukishusha vitu vidogo kama vile kwenye sherehe watakuuliza muziki uko wapi. Mpima ardhi akasema, "Fundi ana hoja," akaiandika kwenye daftari lake. Hoja yangu ikawa imeandikwa vizuri na haikunisaidia chochote. Kisha akaniuliza, "Jenereta yetu itaivuta ile amplifaya?"

Nilijua haitaivuta. Jenereta yetu ilikuwa ya kuwashia taa.

"Itavuta," nikasema, "tukienda nayo taratibu."

"Itazima," akasema wa besi.

"Itazima," akasema wa dramu.

Tukanunua zile za plastiki. Muuzaji akatuambia kitu kikileta matatizo ndani ya siku kumi na nne turudishe atubadilishie. Kwenye basi la kurudi mpima ardhi alinikabidhi kitabu cha maelezo cha mikisa. Kilikuwa cha Kiingereza. "Wewe ndiye fundi," akasema, "kisome kwanza, halafu utanieleza." Nilikisoma kwa wiki nzima nikiwa na kamusi, neno kwa neno, nikijifungia ndani ili asijue kwamba nasoma polepole. Niliporudi Alhamisi ile tayari kueleza, nilimkuta ameketi mezani. Dada alikuwa amemwomba amrekebishie sauti yake kidogo tu. Tangu siku hiyo hakuondoka pale, na hakuna aliyesema kwamba nafasi ile ilikuwa ya mtu mwingine. Hata yeye nadhani hakujua. Kinanda akakiweka kando ya meza, mkono mmoja huku, mwingine kule.

Kazi ya kwanza tuliipata ziwani, kijiji kimoja kati ya Mbamba Bay na Liuli. Ni kwao mama yangu. Mfanyabiashara wa samaki alikuwa anasherehekea kipaimara cha bintiye na alitaka bendi baada ya misa. Tuliteremka zile kona za kushukia ziwani na pikapu moja, vitu vyote vikaenea, tukafika jua likiwa juu. Mwenye sherehe akatupokea kwa mikono miwili, akachungulia ndani ya pikapu, akachungulia tena.

"Karibuni sana. Muziki uko wapi?"

"Ndio huu, baba," dada akasema.

"Hizi? Nilidhani ndoo za maji."

"Ni spika, baba."

"Gari la muziki linakuja nyuma?"

"Haliji."

Akazunguka zile spika kama mtu anayekagua mbuzi asiyemwelewa. Niliinama kufunga kamba ya kiatu ili nisionekane nilivyofurahi. Nilimtazama mpima ardhi kwa pembeni. Alikuwa anahesabu hatua kutoka kwenye turubai mpaka mahali pa kuweka miguu ya spika, midomo ikicheza, hana habari.

Kisha tukapiga, na furaha yangu ikaishia hapo. Tulikuwa na wimbo wa mke anayesimulia vituko vya mama mkwe wake, na tulikuwa tumeupiga miaka miwili bila mtu kucheka. Siku ile walicheka mstari wa kwanza. Wanawake walianza kuvuta viti mbele. Bibi mmoja aliinua mkono katikati ya wimbo akasema, "Rudia hapo penye ufunguo wa stoo," na dada akarudia, na bibi akageukia wenzake akawaeleza kana kwamba ufunguo ulikuwa wa stoo yake. Mpima ardhi alikuwa ameweka meza nyuma ya watu wote, amefumba macho, kidole kimoja juu ya kitufe. Mimi nilipiga gitaa langu la pili nikiomba kitu kipasuke. Sikuomba kwa utani.

Chakula kilipotangazwa sisi tukapumzika, na wachezaji wa mganda wakaingia uwanjani. Kiongozi wao ni mjomba wangu, kaka yake mama. Mganda wa kwetu una ngoma moja kubwa, na wanaume waliojipanga mistari, kila mmoja na kibuyu mdomoni. Ubavuni mwa kibuyu kuna tundu, na kwenye tundu hubandikwa ule utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Mwanamume huimbia ndani ya kibuyu, utando unatikisika, na sauti hutoka ikiwa na mkwaruzo, nene na chafu kidogo, kama sauti ya mtu anayeongea huku amebana karatasi kwenye meno. Mkwaruzo huo ndio mganda wenyewe. Nyumbani kwa mama kulikuwa na kona za ukuta zisizofagiliwa kwa ajili ya kuwawekea buibui nafasi.

Mwenye sherehe alitaka kiongozi apewe kipaza sauti, ili na waliokuwa wanapika nyuma ya nyumba wasikie. Dada akampa mjomba maiki yake, akaenda kula. Mimi nikaenda kukaa karibu na mpima ardhi. Nilitaka kutazama vidole vyake. Watu walikuwa wamesimama wote mbele yetu, na tulipokaa tuliona migongo tu. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ametoka chini ya meza alikokuwa anakaza waya, kwa hiyo wachezaji walipoingia hakuwaona.

Ngoma ikapigwa, wanaume wakaanza. Akakunja uso.

"Fundi. Unasikia hiyo?"

"Nasikia," nikasema.

"Inakwaruza. Kila ngoma ikipigwa inakwaruza."

Akazima spika ya kushoto. Mkwaruzo ukabaki kulia. Akawasha ya kushoto, akazima ya kulia. Ukabaki kushoto. Akashusha kitufe cha maiki na mkwaruzo ukapungua, akasema, "Maiki imekufa." Alikuwa anafikiri vizuri sana. Kila hatua yake ilikuwa sahihi. Alichukua maiki ya akiba, akapenya katikati ya watu akiwa ameinama kwa adabu, akaibadilisha mkononi mwa mjomba bila hata kumtazama, macho yote kwenye waya, akarudi mbio. Mkwaruzo ulikuwa uleule.

"Basi ni mikisa," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Maiki mbili haziwezi kufa siku moja. Ni mikisa, fundi. Zile kona zimeitikisa."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Vibuyu. Ningelisema, angecheka, ningecheka, tungekula ubwabwa. Nililigeuza mdomoni. Niliutazama mkono wake uliokuwa unatafuta kosa kwenye vitufe ambavyo mimi nilivisoma kwa kamusi na yeye akavikalia, nikanyamaza.

Akaizima mikisa. Sauti ya mganda ikarudi kuwa ya uwanjani tu. Wachezaji hawakusimama, mganda ulikuwepo kabla ya umeme. Lakini mjomba aliigonga ile maiki mara mbili, akaiinamia na kuiweka chini kwenye mchanga mbele ya watu wote, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe alichopewa kitupu.

Dada akaja na sahani mkononi. "Kuna nini?"

"Mikisa imeharibika, dada," mpima ardhi akasema. "Kosa ni langu, mimi ndiye niliyeichagua."

Alasiri iliyobaki tulipiga kama watu wanaohama. Maiki ya dada tuliichomeka moja kwa moja kwenye spika moja, kinanda hakikusikika, gitaa la Mwalimu likalia mbali kama liko kwa jirani. Wanawake wakarudisha viti vyao kivulini. Mwenye sherehe akapita karibu nami, akasema, "Si nilisema? Mlikuja bila muziki." Nikamwitikia kwa kichwa.

Kesho yake mpima ardhi aliomba ruhusa kazini, akaipakata mikisa mpaka Songea. Alhamisi alikuja mazoezini bila kinanda. Aliitua mikisa kwenye mkeka.

"Ni nzima," akasema. "Fundi wao ameijaribu asubuhi yote, hata kwa nyimbo zenye ngoma nzito. Akaninunulia soda. Nadhani alinihurumia."

"Sasa pale ziwani ilikuwa nini?" Mwalimu akauliza.

"Nadhani ni masikio yangu. Niliwahi kufanya kazi muda mrefu karibu na mashine za kuchimba visima. Yameharibika na sikujua." Akacheka kidogo, bila kumaanisha. "Fundi akae mezani. Ni haki yake tangu mwanzo. Mimi nitapumzika."

Nikakaa mezani. Nafasi niliyoingoja misimu miwili ilikuwa kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Nikagusa kitufe cha kwanza, na yeye aliyekuwa amesimama nyuma yangu, ambaye siku zote angesema hiki kinafanya hivi na kile kinafanya vile, hakusema kitu. Mwalimu akapiga noti moja. Mpima ardhi akageuza kichwa upande, akakirudisha, kama mtu asiyeamini kilichoingia.

Nisingependa kusema kwamba nilimwonea huruma. Dada alikuwa amemletea kile kikombe chenye mfuniko. Wale ndugu wawili, ambao hawajawahi kuniuliza nimeamkaje, walikuwa wanamweleza habari za daktari wa masikio aliyeko Peramiho. Wote walikuwa wamemzunguka. Nilianza kuona wivu hata wa huzuni yake.

"Wewe ulikuwa umekaa naye," dada akaniambia. "Hukusikia kitu?"

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Vibuyu vya mjomba."

"Vibuyu," akasema wa besi.

Wa dramu hakurudia. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Vibuyu gani?" mpima ardhi akauliza. Nikamweleza, nikiangalia vitufe. Akauliza kuhusu tundu. Akauliza kuhusu utando, ni wa buibui wa aina gani, unabandikwa kwa mate au kwa ulimbo. Nilipoinua macho, uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeambiwa kwamba hana ugonjwa aliodhani anao.

"Kwa hiyo ule mkwaruzo ni wa kutengenezwa," akasema. "Masikio yalikuwa sahihi."

"Yalikuwa sahihi."

Dada yeye hakufungua uso. "Ulijua palepale?"

"Nilijua."

"Ukamwacha aipakate mpaka Songea."

"Hakuniuliza ni nini. Aliuliza kama nasikia."

Mwalimu alilaza gitaa lake kwenye mkeka. Alinitazama kwa namna ambayo bila shaka alikuwa akiwatazama watoto wenye akili wanaokataa kuandika.

"Toka kwenye hiyo meza," dada akasema, bila kupaza. "Na uende ziwani ukamwombe radhi mjomba wako. Alipewa maiki na mwenye sherehe, ikazimwa akiwa ameishika, kwao, mbele ya watu wote. Hilo umelifanya wewe."

Nikatoka mezani. Mpima ardhi akasema, "Dada, yamekwisha," na hata kwa hilo nikamchukia.

Ijumaa nilikuwa na sababu ya kutokwenda. Jumamosi nilikuwa na nyingine, ya pikipiki ya mtu. Ukweli ni kwamba nilitaka dada aone kwamba siendeshwi. Jumapili nikapanda gari linalokwenda kuchukua dagaa, na njia nzima nikapanga maneno. Niliyapanga vizuri. Nilianza na kosa, nikafuata na sababu, sababu nikaifupisha, kosa nikalirefusha. Tulipomaliza kona na ziwa likaonekana lote, maneno yalikuwa tayari.

Nilimkuta mjomba amekaa nje ya nyumba, vibuyu vitatu vimepangwa kwenye gunia, anakwangua utando wa zamani kwa kucha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umekuja na gari la dagaa? Kaa hapo. Wenzako walikuja na bodaboda jana."

"Wenzangu gani?"

"Yule mrefu anayepima viwanja. Na yule dada yenu. Wameniletea sukari na chumvi, hata hawakutaka kula." Akapuliza vumbi kwenye tundu. "Ameniomba radhi kwa mambo ya ile siku. Nikamwambia hukujua, mgeni atajuaje. Akasema hapana, mimi ndiye niliyezima. Basi tukakaa hapa mpaka jua likaanza kushuka, ananiuliza habari za vibuyu."

"Alikwambia sababu ya kuzima?"

"Alisema hakufahamu sauti. Ziko sababu nyingine?"

Nilitazama vile vibuyu. Kimoja nilikijua, kilikuwa cha babu.

"Ana masikio yule," mjomba akaendelea. "Nilibandika utando mmoja legelege kusudi, nimjaribu. Nikaimba kidogo tu, akaniambia upande wa chini umeachia. Hawa wachezaji wangu nimeshinda nao miaka, hakuna anayesikia hilo. Nimemwambia Jumamosi ijayo aje ajipange na sisi, nitamtafutia kibuyu."

Mimi sijawahi kutafutiwa kibuyu. Kweli, sijawahi kukiomba. Kila nilipopita hapa nilikuwa na haraka ya kwenda kujifunza kitu kingine mahali pengine. Lakini kukaa pale na kusikia mjomba wangu, kwenye ua wa nyumba waliyozaliwa yeye na mama, akimsifia mtu wa Singida kwa sikio ambalo mimi nilizaliwa nalo, kulinitia wivu. Maneno niliyoyapanga yalikuwa bado yapo, yamejipanga mstari. Yote yalikuwa yameshasemwa na mtu ambaye hakuwa na kosa, na aliyasema bila kunitaja.

Mjomba akaweka kibuyu chini, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Na wewe, mjomba, una habari gani?"

"Nimepita tu," nikasema.

Akasogeza gunia ili nipate pa kukaa, akaniuliza naelekea wapi.